Hakuna Mtu wa Jina Hilo

Mwezi uliopita nilirudi Riruta kwa matanga, na askari wa getini akakataa kunifungulia. Alikuwa kijana mwenye adabu, sare imepigwa pasi, simu moja mkononi na nyingine ikilia mfukoni. "Shosho, unaenda kwa nani?" aliniuliza, kama mtu anayemuuliza bibi yake. Nikamwambia naenda kwa Respa Nafula. Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa. "Hapa hakuna mtu wa hiyo jina, shosho. Pengine ni ile estate ingine ya huko chini." Nilishika chuma cha geti. Kijana hakuwa na kosa lolote. Hakujua kwamba maneno hayo, karibu hivyo hivyo, yaliwahi kusemwa mahali pale kabla ghorofa hazijajengwa, na kwamba aliyekuwa akitafutwa siku hiyo alikuwa huyu huyu. "Mama Dina," nikasema mwishowe. "Nimekuja matanga ya Mama Dina." Uso ukamfunguka. "Ah! Si ungesema tu! Mama Dina ni wetu huyo." Akavuta geti, akanishika mkono kunivusha mtaro, na mimi nikaingia nikilia kabla hata sijafika penye waombolezaji.

Sitaeleza nilivyofika Nairobi wala aliyenileta. Hadithi hiyo inafanana na za watu wengi, na inanichosha mwenyewe. Inatosha kusema kwamba mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa msichana wa kujifunza kupiga chapa, nikienda kila alasiri kwenye chumba kimoja River Road, juu ya duka la misumari na mabati, ambako mashine za kuandikia zilipiga kelele juu na mafundi wakapiga kelele chini, hata mwalimu wetu akawa anafundisha kwa kuonyesha vidole. Asubuhi nilikuwa huru. Nilipanga chumba kwenye ploti ya mabati huko Riruta, chumba cha mwisho katika safu, na mlango uliofuata ulikuwa wa Mama Dina. Mumewe alifanya kazi ya reli huko Voi na alionekana mwisho wa mwezi tu. Chumbani mwake palikuwa na kitanda nyuma ya pazia la maua, meza, viti visivyofanana, na chini ya dirisha cherehani aliyoshonea sare za shule. Sauti ya cherehani ile ilipita ukutani na ndiyo iliyoniamsha kila siku. Ikinyamaza nilijua uzi umekatika, au Dina, binti yake wa miaka mitatu hivi, amekalia kitambaa tena.

Usiku ploti yetu ilikuwa na wanaume, mbwa na kufuli, na hatukuibiwa. Tuliibiwa mchana. Watu wakishaondoka kwenda mjini, wengine viwandani, wengine kwenye machinjio ya Dagoretti, wengine kusafisha maofisi, ploti ilibaki na wanawake wachache na watoto, na mwizi akaingia kama mgeni. Mwizi wa mchana hakuruka ukuta. Alibisha hodi, akasalimu, akasema ametumwa na fulani achukue redio ipelekwe kwa fundi, na jirani mwema akamwonyesha mlango. Mimi mwenyewe blanketi zangu zilienda hivyo, zikibebwa na mtu aliyeaga vizuri. Mama Dina ndiye aliyechoka kabla yetu sote. Alipita mlango kwa mlango, sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye kola ya blauzi, akauliza nani yuko nyumbani asubuhi na nani alasiri. Akapanga zamu. Hakuna aliyelipwa, hakuna aliyevaa beji. Mwenye zamu alitoa kigoda chake akaenda kukaa pale njia inapoingia kwenye ploti zetu, na kazi yake akaenda nayo, akamenya viazi pale, au akachambua mboga, au akasuka mtu nywele. Pembeni yake palikuwa na sufuria kuukuu na mwiko. Akiona jambo anaipiga sufuria, na kila mwenye mikono anatoka.

Na kulikuwa na sheria moja, ya Mama Dina mwenyewe, nami nilikuwapo alipoitoa. "Mtu akija kuulizia mtu," alisema, "na hatumjui, wala huyo anayemtaja hatumjui, usimpe kitu. Usimwambie fulani anakaa wapi, usimwambie fulani ametoka. Mwambie hakuna mtu kama huyo hapa. Mpe maji kama ana kiu, msindikize mpaka barabarani, kwaheri." Mtu akauliza, na kama ni mgeni wa kweli? "Mgeni wa kweli atakuwa ameandika barua kwanza," akasema, na sote tukaona ni jibu zuri. Ilifanya kazi pia. Kwa miezi kadhaa hakuna hata kijiko kilichopotea.

Mlinzi wetu hodari alikuwa Mzee Kilonzo, mwenye chumba upande wa pili wa Mama Dina. Alikuwa amestaafu kazi, sijui ipi, maana kila alipoisimulia ilipanda cheo. Alikaa kwenye zamu akiwa amevaa koti na kofia hata jua likichoma, akishona viatu vya watu, na alisalimu kila apitaye kwa heshima kubwa, kisha akamwangalia mpaka apotee. Mama Dina na yeye walitaniana bila kuchoka. Wenye zamu tulizoea kula jioni chumbani kwa Mama Dina, kila mmoja akileta alichonacho, na yeye akipika mrenda, mboga yao ya utelezi, Mzee Kilonzo alilalamika kwamba chakula kinakimbia mkononi. "Hii mboga yenu inataka kamba," alikuwa akisema. "Kula muthokoi yako ya mahindi magumu basi, mzee, meno yaishe," Mama Dina alikuwa akijibu, huku anamwongezea. Nimekula kwenye hoteli nzuri tangu wakati huo, kazini walitupeleka, na sijawahi kukaa mezani nikawa na raha kama ile ya kubanana kwenye chumba kile, goti la mtu mbavuni, mvuke wa ugali kwenye kioo cha taa.

Jioni ya Jumatano moja nilirudi kutoka River Road nikawakuta wameshaanza kula, na Mzee Kilonzo akisimulia kwa mikono yote miwili. Mchana ule alikuwa amemrudisha mmoja. Kijana mwembamba, viatu vimejaa vumbi, anazunguka anaulizia mwanamke fulani. "Nikamwambia, kijana, hapana mtu kama hiyo hapa. Anasema, mzee, niliambiwa ni Riruta, nyuma ya soko, nyumba ya mabati. Mimi nikamwambia Riruta yote ni nyumba ya mabati!" Tulicheka. Kijana alikuwa amesimama muda mrefu, akasema ni dada yake anayemtafuta, na mzee akampa maji. Kijana kwa shukrani akafungua kifurushi, akamjazia mzee mkono njugu. "Anataka kunihonga na njugu!" Alitoa zile njugu mfukoni mwa koti, zimefungwa kwenye leso yake, akaziweka mezani, na kila mtu akachota. Zilikuwa zimekaangwa na maji ya chumvi mpaka ganda limekuwa jeupe. Mama Dina alitafuna, akaacha kutafuna. "Hizi ni za kwetu," alisema. "Kwetu ndio wanazifanya hivi. Mwizi wako ametoka pande zetu, mzee." Tukacheka tena. Kisha akauliza, "Kwani alikuwa anamtafuta nani?" Mzee Kilonzo akajikuna chini ya kofia. "Jina ya kanisa. Haikukaa kichwani, kwa maana si ya mtu wa hapa." Dina akamwaga uji wake wakati huo huo, mama yake akainuka kutafuta kitambaa, na alipokaa tena mazungumzo yalikuwa yameshahamia mambo ya bei ya makaa. Lakini kabla hatujaachana alimpakulia mzee kipande cha nyama cha mwisho. "Ulifanya vizuri," alimwambia. "Ndivyo inavyotakiwa." Akachukua njugu zilizobaki, akakaa anazila moja moja akisikiliza watu.

Jumapili alasiri watu walikuwa wametoka kanisani, nguo nzuri bado mwilini, na Mama Dina alikuwa nje ya mlango wake akichemsha chai kwenye jiko. Mzee wa kanisa lake la mjini alikuja akiwa amemshika mkono kijana mwembamba. Nilimwona Mzee Kilonzo akisimama kutoka kwenye kigoda chake, taratibu, na kofia ikatoka kichwani. Mama Dina alitoa mlio wa furaha. "Wanjala! Mdogo wangu, umekuja lini?" Alimkumbatia, akamrudisha nyuma amtazame, na hapo akaona. Kijana alikuwa akilia. Yule mzee wa kanisa akasema amemkuta mlangoni mwa kanisa, akiuliza kila mtu atokaye kama anamjua Respa Nafula, binti Makokha. "Nilikuja hapa Jumatano," Wanjala alisema. "Mzee huyu alinipa maji. Aliniambia hakuna." Mama Dina akauliza mama yuko wapi. Hakuuliza kama kuna jambo, aliuliza hivyo tu, mama yuko wapi. "Tulimleta hospitali kubwa. Daktari wa Bungoma alisema aletwe Nairobi haraka, hakukuwa na wakati wa barua. Kila nikiingia wodini ananiuliza, umempata? Nikamwambia umepatikana, uko njiani. Alikuwa anaangalia mlango." "Alikuwa?" Mama Dina akasema. Wanjala akainamisha kichwa. Ilikuwa Ijumaa. Zile njugu mama yao alizikaanga mwenyewe akiwa mgonjwa, akasema haendi kwa mtoto wake mikono mitupu.

Sijasikia tena sauti kama aliyoitoa Mama Dina, na nimezika wengi. Chai ilichemka ikafurika ikazima makaa, na hakuna aliyeiondoa. Wanawake walimshika. Alikuwa akisema kitu kimoja tu, tena na tena: "Nilizila. Nilizila nikicheka." Kutoka kwetu mpaka hospitali ile ni safari ya basi moja. Siku zile zote mama yake alikuwa hospitalini juu ya kilima, sisi tuko hapa chini tunalinda redio.

Nimefikiria kosa lile kwa miaka mingi, na bado naona lilikuwa la watu kama sisi tu. Tulijua kila kitu cha Mama Dina. Tulijua chumvi anayotia kwenye mboga, nyimbo anazoimba uzi ukikatika, siku mumewe anayorudi. Jina lake hatukulijua. Mjini mwanamke akizaa jina lake linawekwa kabatini, anakuwa mama wa mtoto, na hiyo ni heshima, hakuna anayelalamika. Hata mtoto hakutusaidia, kwani Dina lilikuwa jina la hapa. Kwao walimwita Nasambu, na ndilo Wanjala alilolitaja. Mumewe naye alitajwa, lakini kwetu alikuwa Baba Dina. Kijana yule alisimama pale njiani akataja familia nzima, mmoja mmoja, na ni kama alikuwa akitaja watu wa nchi nyingine.

Mama Dina alikwenda kuzika akakaa huko muda. Zamu zilikufa. Mzee Kilonzo alikiingiza kigoda ndani na hakukitoa, na mlango wake ulikuwa umefungwa mchana kutwa. Nilimpelekea chakula nikakikuta asubuhi kama nilivyokiweka. Mama Dina aliporudi, kichwa kimenyolewa, alipita moja kwa moja mpaka mlango ule kabla hajafungua wake. Nilikuwa kibarazani nikasikia yote. Mzee alisema, "Nipige, mama. Nipige mbele ya watu." Yeye akasema, "Nikupige kwa nini? Sheria ilikuwa yangu. Wewe uliitii, na mimi nikakupa nyama." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeinua mzigo, "Lakini siwezi kukusalimu leo, mzee. Wala kesho sijui. Niwie radhi. Ila toa kigoda chako nje, watu wanaibiwa." Sikujua mtu anaweza kuwa na uchungu kiasi kile na bado akasema ukweli wote bila kumwonea mwenzake.

Jumamosi iliyofuata alituita wote uani, wa ploti yetu na zile mbili jirani. Tulidhani anataka kushukuru kwa rambirambi. Alimsimamisha fundi bomba mmoja, akamwonyesha mwanamke waliyetenganishwa naye na ukuta wa bati kwa miaka. "Huyu anaitwa nani?" Fundi akasema, Mama Ciku. "Hilo ni la Ciku. Yeye anaitwa nani? Kwao ni wapi? Nani akija kumtafuta tumjue?" Hakujua. Akaenda kwa mwingine, naye hakujua. Watu walianza kucheka kwa aibu, kisha wakaacha kucheka. Hakuna aliyejua. Tangu siku hiyo tukawa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Kila Jumamosi jioni, kabla jua halijazama, tulisimama kwa kufuata milango yetu, na kila mmoja alimtaja jirani wa upande wake wa kulia: jina lake lote, babake, kwao, na mtu mmoja wa kwao anayeweza kuja kumtafuta. Hujitaji mwenyewe, unamtaja jirani. Ukimaliza, uani wote, wageni nao, wanajibu, "Yuko." Tulikataa kuandika. Mama Dina alisema kilichoandikwa mtu anakifungia sandukuni na kukisahau.

Mimi nilimtaja yeye. Mlango wake ulikuwa kuliani kwangu. Na kuliani kwake ulikuwa mlango wa Mzee Kilonzo. Watu walimwambia Mama Dina abadilishe, asimame kwingine, akakataa. Jumamosi za kwanza alimtaja huku akiangalia chini: "Kilonzo wa Mutiso, wa Mwala, ana dada, Syombua." Maneno yalitoka moja moja, na mzee alisimama kofia mkononi. Sijui ni Jumamosi gani aliinua uso. Najua tu kwamba mwisho wa mwaka ule alikuwa amerudi kumtania kuhusu meno yake, na mzee akala mrenda bila kulalamika. Njugu Mama Dina hakugusa tena maishani mwake.

Sheria nayo ilibadilika. Mgeni akija hakuambiwa hakuna. Alipewa kigoda, maji, kisha mwenye zamu akamtembeza mlango kwa mlango mpaka apatikane anayemjua. Mwizi hapendi kutembezwa mlango kwa mlango akisalimiwa na kila mtu, na wezi wa mchana walituacha. Lakini si hilo ninalolikumbuka. Nakumbuka kwamba fundi bomba alipoanguka kazini, watu wa kwao walijua siku hiyo hiyo. Nakumbuka nilipougua homa, nilifungua macho nikamkuta mama yangu amekaa kitandani, kwa kuwa mtu alijua jina lake na mahali pa kumpata. Tulikuwa salama namna ile kwa bei ambayo mtu mmoja peke yake aliilipa, na hakuna siku aliyotukumbusha.

Mwaka ulipoisha nilipata kazi ofisini, nikahama. Tulitembeleana miaka yote hii, kidogo kidogo, kama watu wa mjini. Ploti ziliuzwa, ghorofa zikaja. Dina akamnunulia mama yake nyumba pale pale, maana alikataa kuhama Riruta. Mzee Kilonzo alikuwa ameshakufa zamani, na Mama Dina alikwenda Mwala kumzika.

Basi jioni ile ya matanga, sebuleni kwa Mama Dina, viti vya plastiki vimepangwa mpaka kwenye korido, nilitakiwa niseme neno kama rafiki wa zamani. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilisimama nikaona uso wake kwenye picha mezani, kuliani kwangu, na hotuba ikanitoka kichwani. Nikasema nilichokizoea. "Respa Nafula, binti Makokha, wa Chwele. Ana mdogo wake, Wanjala." Nikangoja. Vijana walinitazama kwa huruma, wakidhani uzee umenishika. Nilizungusha macho nikitafuta hata mmoja wa uani pale, fundi bomba, Mama Ciku, yeyote, na hakuna aliyebaki. Nikaanza kukaa.

Kwenye kochi la mwisho, mzee mmoja mwembamba aliyekuwa amejifunika blanketi aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo yake, akajisukuma mpaka akasimama wima. Nilikuwa sijamtambua. Yeye ndiye tuliyemwambia hakuna mtu wa jina hilo.

"Yuko," Wanjala akasema.